Risasi ya Pili: Filme «Liebelei» ya Mwaka 1933 na Heshima ya Maofisa

Watu wawili wamesimama nje katika baridi kali, ofisa kijana pamoja na musichana mumoja. Wanasikiliza. Bastola inalia mara moja. Yule ofisa anajua desturi ya mambo hayo: nyuma ya risasi ya kwanza, mutu wa pili anapashwa kupiga yake. Basi wanangoja. Wanangoja tena. Hakuna kitu kinachosikiwa. Hapo ndipo wanapoelewa kwamba rafiki yao amekufa, kwani yeye aliyepashwa kupiga risasi ya pili hawezi tena kuipiga.

Hatuoneshwi maiti, hatuoneshwi damu, wala ule mukono ulioshika bastola. Filme yenyewe inaitwa «Liebelei», neno la Kijerumani la kusema mapendo ya muchezo, mapendo ya vijana yasiyofikiri juu ya ndoa. Ilitengenezwa na Max Ophüls, ikaoneshwa mara ya kwanza katika muji wa Vienna mwezi wa pili wa mwaka 1933, na katika Berlin mwezi uliofuata.

Labda ndugu mumoja atauliza: filme ya mapendo ya maofisa inatafuta nini katika kurasa zetu? Ninamujibu kwamba ndani ya filme hii limo ulizo ambalo Eklezya ililipigania zaidi ya miaka 350 mbele ya wafalme na majemadari: je, Mukristu ana ruhusa ya kuua mutu kusudi heshima yake isianguke? Mapadri waliosoma teolojia katika vitabu vya Kilatini wanakumbuka ile sura fupi juu ya dueli, ndilo pigano la watu wawili lenye kupatanwa mbele, pamoja na silaha, pahali, saa na mashahidi. Wengi walifungua ukurasa uliofuata upesi, wakisema: mambo ya Wazungu wa zamani. Lakini watu waliokufa kwa desturi hiyo walikuwa Wakristu waliobatizwa, na wengi wao walikuwa Wakatoliki wa inchi ya Kikatoliki kabisa.

Kwanza nitasimulia hadisi kwa ufupi.

Tuko Vienna, wakati wa Kaisari Franz Joseph, aliyetawala tangu mwaka 1848 hata kufa kwake mwaka 1916. Katika nyumba kubwa ya opera wanaimba muchezo wa Mozart. Kaisari yumo, na watu wote wamesimama kwa kumuheshimu. Juu kabisa, katika viti vya bei ndogo, wamo wasichana wawili, Christine na Mizzi. Darubini yao ndogo inaanguka chini, na kwa njia hiyo wanajulikana na maofisa wawili, Luteni Fritz Lobheimer na rafiki yake Theo Kaiser. Baba ya Christine ni mupiga muziki, mutu wa kazi na wa mushahara mudogo. Fritz, yeye, ana siri: muda murefu anakwenda kwa muke wa Baroni mumoja. Usiku uleule Baroni anaanza kushuku, anarudi nyumbani gafula, na Fritz anaponea chupuchupu.

Halafu Fritz anaanza kumupenda Christine kweli. Wanapanda pamoja gari la kukokotwa na farasi juu ya teluji, miti yote ni myeupe, wanaahidiana kupendana milele. Pahali pale pananishangaza kila mara, kwani maneno yao ni machache sana na ya kawaida, na mutu anayasadiki. Fritz anakata urafiki wake na yule muke wa Baroni. Lakini zambi iliyokwisha kuachwa inaweza kuwa imekwisha kujulikana. Baroni anapata habari yote, anamuita Fritz kwenye dueli. Na Fritz, aliye na hatia kweli, anaona kwamba hana njia nyingine: ofisa asiyekubali dueli si ofisa tena.

Theo anakwenda kwa koloneli na kumusihi azuie pigano lile. Koloneli anakataa. Theo anamujibu usoni pake kwamba mutu anayepiga risasi bila lazima ya kujikinga na mauti ni mwuaji tu. Kwa neno hilo nafasi yake katika kikosi imekwisha. Mutu mumoja tu katika filme nzima anasema amri ya tano ya Mungu, na anatupwa nje kwa ajili yake.

Siku ileile Christine, asiyejua kitu, anajaribiwa kwa kuimba, maana anatumaini kupata kazi katika opera. Baba yake anaitwa katikati ya mazoezi ya muziki ya Beethoven. Wanamuletea musichana habari: Fritz amekufa, tena amekufa kwa ajili ya muke mwingine. Anajirusha dirishani. Filme inarudi mara moja kwenye teluji, pahali walipopita pamoja, sasa hapana mutu, na sauti zao zinasikiwa zikirudia ahadi.

Inafaa kusema kidogo juu ya sauti. Filme za kwanza zote zilikuwa bubu. Watu waliona midomo inafunguka, kisha wakasoma maneno yaliyoandikwa. Marekani walianza kuoneshwa filme ndefu yenye maneno ya kusikiwa mwaka 1927, na katika Ujerumani ile yenye sifa kubwa, «Der blaue Engel», ilitoka mwaka 1930. Katika miaka ile watengenezaji wengi walijaza filme zao nyimbo na maneno bila kipimo, sawasawa na mutoto aliyepewa ngoma mupya. Ophüls alitoka katika kazi ya teatro. Aliona jambo ambalo ni rahisi likisha kusemwa: katika filme bubu ukimya hauna maana, kwani kila kitu ni kimya. Ukimya unaanza kusema siku sauti inapoingia. Kwa hiyo ile risasi ya pili isiyolia haikuweza kutengenezwa mwaka 1925.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe la dueli.

Konsilio ya Trento, katika kikao chake cha 25, mwezi wa 12 wa mwaka 1563, ilitoa sheria kali sana. Wafalme na watawala wenye kutoa pahali pa kupigania dueli katika inchi zao wanatengwa na Eklezya. Wenye kupigana na mashahidi wao vilevile. Anayekufa palepale haziki kikristu. Hata wale waliokwenda kutazama waliguswa na azabu. Maaskofu wa Trento walijua kwamba desturi hiyo haitegemei watu wawili wenye hasira tu. Inategemea duara la watu waliosimama pembeni, wanaotazama, ambao kesho watasema: huyu ni mwanaume, yule ni mwoga.

Lakini desturi haikufa. Teolojia yenyewe ilianza kutafuta mulango wa nyuma. Waalimu fulani walisema: basi, ofisa wa jeshi je? Akikataa dueli atapoteza kazi yake, muke wake na watoto watakosa chakula, wenzake watamucheka maisha yote. Labda mutu wa namna hiyo hana hatia. Papa Benedikto XIV alijibu tarehe 10 mwezi wa 11 mwaka 1752, katika hati yenye kuanza kwa neno «Detestabilem». Alihukumu mafundisho matano, na la kwanza katika yale matano ni hili hasa: kwamba mwanajeshi anayeogopa kuitwa mwoga na kufukuzwa kazi anaweza kukubali dueli bila zambi. Papa akasema: hapana. Tena alizidisha azabu ya mazishi: hata aliyejeruhiwa, akatolewa pahali pa pigano, akatubu, akafia kitandani pake, asizikwe kikristu.

Musomaji alinganishe hayo na Luteni Fritz. Yeye ni mutu yuleyule aliyehukumiwa katika hati ya mwaka 1752, neno kwa neno.

Nyuma ya miaka mia moja na zaidi, Papa Leo XIII aliandika barua «Pastoralis officii», tarehe 12 mwezi wa 9 mwaka 1891. Aliiandikia nani? Maaskofu wa Ujerumani na wa Austria na Hungaria. Hapo ndipo dueli ilipobaki na nguvu, na maaskofu walikuwa wamemulilia. Leo XIII hakutoa azabu mupya, alitoa sababu. Sheria ya Mungu, ile tunayoifahamu kwa akili na ile tuliyofunuliwa, inamukataza mutu wa pekee kuua au kujeruhi mwenzake, isipokuwa anapolazimishwa kujikinga. Tena dueli haioneshi haki iko upande gani: aliyekosewa anaweza kufa, aliyekosa anaweza kurudi nyumbani muzima. Katika hadisi yetu anakufa mwenye hatia. Lakini kama Fritz angalikuwa na shabaha nzuri zaidi, Baroni angalinyanganywa muke kwanza na uzima nyuma yake, na watu wangalisema kwamba heshima imerudishwa. Ya nani?

Jambo la ajabu katika Austria ni hili: sheria ya serikali nayo iliikataza dueli. Kitabu cha azabu cha mwaka 1852 kiliihesabu kuwa kosa kubwa lenye kifungo. Lakini jeshi la Kaisari yuleyule lilikuwa na mabaraza ya heshima, na baraza lilimuvua ofisa cheo akikataa kupigana. Kwa hiyo ofisa Mukatoliki alipoitwa, alikuwa na sheria tatu mbele yake. Mungu alimukataza, serikali ilimukataza, na kikosi chake kilimulazimisha; na katika zile tatu ni ile ya kikosi iliyokuwa na nguvu, maana azabu yake ilikuja siku ileile, mbele ya macho ya wenzake. Kaisari Franz Joseph alikwenda katika Misa, alifuata nyuma ya Sakramenti Takatifu katika maandamano ya Ekaristia, akitembea kwa miguu na mushumaa mukononi. Na maofisa wake walifukuzwa kwa sababu ya kushika amri ya tano.

Sisemi mambo ya kuwazia tu. Mwaka 1900 Luteni Tacoli, mutu wa ukoo mukubwa, alikosewa na mwenzake, naye akakataa dueli kwa sababu ya imani yake ya Kikatoliki. Kapiteni Ledóchowski alitoa shauri lake kwamba Tacoli alifanya vema. Wote wawili walivuliwa vyeo. Wa kwanza kwa kukataa kupigana. Wa pili kwa kusema tu kwamba mwenzake ana haki. Habari hiyo ilitikisa Wakatoliki wa inchi nyingi, na katika miaka iliyofuata Don Alfonso de Borbón, mutoto wa ukoo wa wafalme wa Hispania, alizunguka akiunda chama cha kupinga dueli, na watu wengi wakubwa wakatia majina yao ndani. Mimi naona kwamba jina la Kapiteni Ledóchowski lingefaa kujulikana zaidi katika seminari zetu. Kuitwa mwoga kwa ajili ya kosa lako ni jambo moja. Kupoteza kazi ya maisha kwa ajili ya kusema ukweli juu ya mwingine, wakati hakuna aliyekulazimisha zaidi ya kukuomba shauri, ni jambo lingine. Theo wa filme anafanana naye kuliko anavyofanana na mutu mwingine yeyote.

Aliyeandika hadisi ya kwanza ya «Liebelei» hakuwa Mukristu. Ni Arthur Schnitzler, muganga Muyahudi wa Vienna, aliyezaliwa mwaka 1862. Muchezo wake ulioneshwa katika Burgtheater tarehe 9 mwezi wa 10 mwaka 1895, miaka minne tu nyuma ya barua ya Leo XIII. Sina sababu ya kufikiri kwamba alitaka kuisaidia Eklezya. Katika vitabu vyake kuna mambo mengi ambayo padri hawezi kuyasifu. Lakini alikuwa na macho ya muganga. Aliona ugonjwa uleule na kuusema. Katika muchezo wake Fritz na Theo si maofisa wa kazi, ni vijana wa muji. Ophüls ndiye aliyewavika nguo za jeshi siku zote, na hivyo aliusogeza ugonjwa karibu na shina lake.

Schnitzler mwenyewe alilipa. Mwisho wa mwaka 1900 gazeti moja kubwa la Vienna lilitoa hadisi yake «Leutnant Gustl», ambamo luteni mumoja, aliyetukanwa na mwoka mikate, anatembea usiku kucha akifikiri kujiua, kwa sababu mwoka mikate ni mutu mudogo na hawezi kuitwa kwenye dueli. Asubuhi anasikia kwamba mwoka mikate amekufa gafula usiku kwa ugonjwa, na heshima yake inarudi kama jua. Schnitzler alikuwa bado na cheo cha muganga wa jeshi la akiba. Mwaka 1901 baraza la heshima lilimuvua cheo hicho. Katika makosa waliyomuandikia lilikuwamo hili, kwamba gazeti lilimutukana naye hakufanya kitu; maana yake, hakumuita mutu kwenye dueli. Walimuhukumu kwa kuonesha kwamba alichoandika ni kweli. Alikufa mwaka 1931.

Dueli katika jeshi la Austria ilikatazwa kabisa mwaka 1917, katikati ya vita, na Kaisari Karl, aliyerithi ufalme mwaka 1916. Ndiye yule ambaye Papa Yohane Paulo II alimutangaza mwenye heri tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2004. Mwaka uleule wa 1917 Sheria za Eklezya zilitoka katika kitabu kimoja. Kanuni ya 2351 iliwatenga bado wenye dueli, na kanuni ya 1240 iliwanyima mazishi, isipokuwa walionesha alama za toba mbele ya kufa. Hapo ukali wa Benedikto XIV ulilegezwa. Kitabu cha mwaka 1983 hakitaji tena dueli. Si kwa sababu imekuwa halali. Ni kwa sababu duara la watazamaji limetawanyika.

Kanuni hiyohiyo ya 1240 iliweka karibu na waliokufa kwa dueli wale waliojiua kwa kukusudia. Kwa hiyo Fritz na Christine, kama wangalikuwa watu wa parokia moja, wangalimuletea padri wao ulizo moja mara mbili katika siku moja. Ninakiri kwamba hapa filme hainipendezi yote. Kifo cha Christine kimefanywa kizuri mno; teluji inafunika kila kitu, hata baba yake. Yule muzee, anayeachwa peke yake na ala yake ya muziki, hatumuoni tena, nami ningependa kumuona. Kujiua si mwisho wa wimbo. Wakati huo, mapadri wazee walihukumu haraka pale ambapo sisi tumefundishwa kwenda pole: Katekismo ya mwaka 1992, katika namba 2282 na 2283, inasema kwamba hofu kubwa na masumbuko ya roho yanaweza kupunguza hatia, na kwamba tusikate tumaini juu ya wokovu wa watu hao. Musichana aliyesikia katika dakika moja kwamba muchumba wake amekufa na kwamba alimudanganya, alikuwa na nafasi gani ya kukusudia? Wakatekista wanaokaa na wafiwa usiku wa kwanza wanalijua ulizo hili kuliko waandishi wa filme.

Kuna neno moja la feza pia, lisiloonekana wazi katika filme, lakini kila mutu wa Vienna alilijua. Ofisa wa Austria hakuweza kuoa bila ruhusa, na kwa kupata ruhusa alipashwa kuonesha zamana ya feza nyingi, kusudi muke wake aweze kuishi kufuatana na cheo. Binti wa mupiga muziki hakuwa na feza hizo. Ndiyo sababu vijana wale walizoea kuwa na muke wa tajiri upande mumoja na musichana masikini upande mwingine, na ndoa hakuna upande wowote. Wenzetu wanaopigania ndoa pahali ambapo mahari imepandishwa mpaka kijana anakata tamaa wataelewa bila kuelezwa.

Nirudi mwaka 1933, kwani habari ya filme yenyewe inaumiza sawa na ile ya ndani yake.

Max Ophüls alizaliwa Saarbrücken mwaka 1902, jina lake la ukoo likiwa Oppenheimer, wa jamaa ya Wayahudi wenye biashara ya nguo. Hitler alipewa serikali tarehe 30 mwezi wa kwanza mwaka 1933. Nyumba ya bunge katika Berlin ikaungua tarehe 27 mwezi wa pili, siku chache baada ya filme kuoneshwa Vienna. Ophüls akakimbilia Ufaransa pamoja na muke wake na mutoto wao wa miaka mitano. Filme ilibaki, watu wa Berlin wakaijaza nyumba ya sinema, lakini jina la aliyeitengeneza liliondolewa katika maandiko ya mwanzo, pamoja na majina mengine ya Wayahudi. Watu walilia juu ya mashaka ya Christine bila kuambiwa ni nani aliyewaliza. Tarehe 10 mwezi wa 5 wa mwaka uleule, vitabu vya Schnitzler vilikuwa katika vile vilivyochomwa moto mbele ya watu.

Wachezaji walitawanyika kila mumoja kwa njia yake. Willy Eichberger, aliyecheza Theo, alifika Marekani na kucheza kule kwa jina la Carl Esmond. Gustaf Gründgens, aliyekuwa Baroni, alipewa na wakubwa wapya uongozi wa teatro kubwa ya serikali katika Berlin. Paul Hörbiger, aliyecheza baba ya Christine, alifungwa na watu wa Hitler mwaka 1945. Magda Schneider, Christine mwenyewe, alizaa mwaka 1938 binti, Romy Schneider, ambaye mwaka 1958 alicheza kazi ileile ya mama yake katika filme ya Kifaransa yenye jina «Christine».

Nimeacha kwa mwisho yule aliyecheza Fritz. Ni Wolfgang Liebeneiner. Alibaki Ujerumani, akawa mutengenezaji wa filme, na mwezi wa 8 wa mwaka 1941 akatoa «Ich klage an». Hadisi yake: muke wa muganga anashikwa na ugonjwa wa kupooza, anamuomba mume wake amuue, naye anamupa sumu kwa mapendo, kisha baraza linaulizwa kama hiyo ni hatia. Filme hiyo ilipendeza macho, iliigizwa vizuri, na ilitengenezwa kusudi watu wazoee jambo ambalo serikali ilikuwa inalifanya tayari kwa siri: kuua wagonjwa wa akili na vilema, zaidi ya watu 70,000 wakati huo. Tarehe 3 ya mwezi uleule Askofu Clemens August von Galen wa Münster alipanda juu ya mimbari ya kanisa la Mutakatifu Lamberto na kusema waziwazi kwamba ni uuaji. Alitumia amri ya tano. Hotuba yake ilinakiliwa kwa mukono na kwa mashini, ikapita katika inchi yote. Tarehe 24 Hitler aliamuru ile kazi isimame, hata kama iliendelea kwa kificho. Tarehe 29 filme ya Liebeneiner ikafunguliwa Berlin.

Ninapoiona tena «Liebelei» siwezi kusahau hayo. Kijana yule mwenye uso mupole, anayekwenda kufa kwa sababu hathubutu kusema hapana mbele ya wenzake. Sitaki kumuhukumu mutu kwa kazi aliyoicheza akiwa kijana. Muchezaji anavaa na kuvua. Nyuma ya vita aliendelea na kazi yake bila taabu kubwa, na mwaka 1956 alitengeneza «Die Trapp-Familie», filme ya jamaa moja ya Kikatoliki ya Austria, iliyofurahisha parokia nyingi. Watu wachache waliokuwa wameketi mbele yake walikumbuka ile ya mwaka 1941.

Ophüls alipata uraia wa Ufaransa mwaka 1938, akakimbia tena mbele ya Wajerumani, akafika Marekani mwaka 1941. Aliporudi Ufaransa, mwaka 1950, alianza tena na Schnitzler. Na mwaka 1953 alitoa «Madame de...», ambamo mume, jemadari, anamuita Baroni kwenye dueli kwa ajili ya muke wake. Muke anakimbia kupanda kilima ili awazuie, lakini moyo wake ni mugonjwa. Anasikia risasi moja. Anangoja ya pili, nasi tunangoja pamoja naye, sawasawa na miaka ishirini mbele yake, na haiji. Anaanguka. Kisha tunaingia kanisani alimokuwa akisali, na tunaona zile hereni zake za almasi, zilizoanzisha mambo yote, zimewekwa mbele ya sanamu ya mutakatifu, pamoja na karatasi ndogo yenye jina la aliyezitoa.